Anayekupa Motisha Anataka Nini?

Swali huja karibu wiki ya tatu. Wiki ya kwanza mwanafunzi amejaa moto. Ameandika mstari mmoja wa Python, amebonyeza, na skrini imemjibu: Habari dunia. (Desturi hii ya kuanza kwa kusalimia dunia ilienezwa na kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu lugha ya C, mwaka 1978, na wengi wetu bado tunaingilia mlango huo huo.) Wiki ya pili anajifunza kuiambia mashine irudie kazi mara mia bila yeye kuiandika mara mia, na anaona kama ulimwengu umemfungukia. Wiki ya tatu programu inagoma. Anairekebisha hapa, inagoma pale. Basi anaanza kuuliza kila aliyemtangulia: wewe ulipata wapi motisha?

Majibu mengi anayopata ni ya kumpigapiga mgongo. Usikate tamaa. Amini ndoto zako. Amka saa kumi alfajiri. Ni kama mtu ni matatu iliyoishiwa mafuta katikati ya Thika Road na kinachohitajika ni jerikeni tu. Mimi nadhani swali lake ni zito kuliko hapo, na ni la maadili kabla halijawa la saikolojia.

Tuanze na neno lenyewe. Motisha, kwa Kiswahili chetu, ni kitu kinachotolewa. Mwajiri akisema atawapa wafanyakazi motisha, hakuna anayesubiri hotuba. Watu wanasubiri bahasha. Tuna maneno mengine. Kuna hamu, ambayo humjia mtu yenyewe, kama njaa. Kuna ari, ambayo ina heshima ya mtu ndani yake. Kuna nia, ambayo unaishika wewe. Lakini anayeanza kujifunza kuandika programu haulizi atapata wapi hamu. Anauliza motisha. Na motisha ikiwa ni kitu cha kupewa, basi lazima kuna mtoaji, na ni haki kuuliza mtoaji anataka nini.

Kwetu watoaji si haba. Serikali ilianzisha Ajira Digital mwaka 2016 ikiwaambia vijana kazi ziko mtandaoni. Mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu uliidhinishwa kwa shule za msingi na za upili. Katikati ya hayo kuna mafunzo ya miezi mitatu, miezi sita, mengine mazuri sana, mengine sijui niseme nini, na karibu yote yanakuja na picha moja: kijana ana laptopu, anatabasamu, nyuma yake kuna dirisha kubwa la ghorofa ya juu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda nyumbani, na tangu siku hiyo nimepewa motisha na kila mtu, hata makanga. "Si ujifunze kukodi?" Mtaani tunasema hivyo, kukodi, na mzee akisikia anauliza unakodi gari ama nyumba. Nilianza, ndiyo. Huu ni mwezi wa saba. Kwa hiyo sisemi haya nikiwa nje ya uwanja.

Kuna mwanafalsafa wa Uskoti, Alasdair MacIntyre, ambaye katika kitabu chake After Virtue cha mwaka 1981 alitoa mfano ambao tangu niusome haunitoki. Kuna mtoto wa miaka saba, mwerevu, ambaye mtu mzima anataka kumfundisha sataranji. Mtoto hataki. Lakini anapenda pipi. Basi anaahidiwa pipi kila wiki akicheza, na pipi za ziada akishinda. Mtoto anacheza, na anacheza kushinda. MacIntyre anasema, kwa maneno yangu, kwamba mradi pipi ndiyo sababu pekee, mtoto huyo hana sababu yoyote ya kutodanganya, bora asishikwe. Hata zaidi: ana kila sababu ya kudanganya. Tumaini la mwalimu ni kwamba siku moja mtoto ataanza kuona vitu ambavyo viko ndani ya mchezo tu, ujanja wa kupanga hatua, raha ya kuona mbele, na siku hiyo akidanganya atakuwa anajinyima mwenyewe.

Sasa mlete mtoto huyo Nairobi, umpe miaka ishirini na mitatu, badala ya pipi weka cheti. Amepewa zoezi: andika programu itakayopanga majina kwa alfabeti. Tangu Novemba 2022 kuna ChatGPT. Analibandika swali humo, jibu linatoka zuri kuliko ambavyo angeandika, analituma, anapata alama. Walimu wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uadilifu. Lakini hebu tuwe wakweli. Tulimwambia aje kwa sababu ya cheti na mshahara. Amechukua njia fupi kufika kwenye kitu tulichomwambia ndicho cha maana. Hiyo ni hesabu, na hesabu yake iko sawa. Hawezi kuona kwamba anajiibia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya zoezi lile kulikuwa na kitu cha kuibiwa.

Hapo ndipo naona deni la watoa motisha. Ahadi ya pesa haimleti mtu tu; inaamua pia ni nini kitahesabiwa kuwa udanganyifu na ni nini kitahesabiwa kuwa akili.

Lakini MacIntyre hanimalizii. Mtoto wake alikuwa ameshakula. Alikuwa na kitanda, na mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kucheza naye sataranji kila wiki. Pipi kwake ilikuwa pipi. Kwa mwanafunzi wa Kayole, pipi ni kodi ya nyumba. Ukimwambia apende programu kwa ajili ya programu yenyewe, unamwambia kitu ambacho hata wewe usingekubali kuambiwa tarehe tano na mwenye nyumba yuko mlangoni. Kutaka pesa si aibu, na ninawaogopa kidogo watu wanaohubiri kazi ya mapenzi wakiwa wameshalipwa.

Kwa hiyo sisemi pipi itupwe. Nasema pipi ni sababu dhaifu ya kukuvusha, na udhaifu wake unatokana na pahali inapokaa: iko mkononi mwa mtu mwingine. Mwaka 2014 kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos ikiwa na wazo la kuwachukua vijana wenye kipaji, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo. Mwaka uliofuata ikafika Nairobi. Kuingia kulikuwa kugumu. Walioingia walijua wanachofanya. Septemba 2019 ikawaachisha kazi mamia ya waandishi wa programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja sasa walitaka watu wenye uzoefu zaidi. Sitaji hili kuisema kampuni vibaya, biashara ni biashara. Nalitaja kwa sababu wale vijana hawakuwa wavivu. Bidii yao ilikuwa pale pale. Pipi ndiyo ilihama. Kama sababu yako ya kuamka ni soko, basi soko likibadili mawazo utabaki kitandani, na hakuna atakayekuwa na haki ya kukushangaa.

Turudi kwenye ile wiki ya tatu, programu inapogoma. Kwani huwa kunatokea nini hasa pale?

Kiswahili kina tabia moja ambayo naipenda na kuichukia. Kosa ni kuteleza. Kosa pia ni dhambi. Kosa pia ni kile unachosomewa kortini. Halafu kitenzi chake kinachapa kazi kupita kiasi: amekosa adabu, amekosa basi, amekosa unga. Mtu aliyefanya vibaya na mtu ambaye hana tu, wote tunasema wamekosa. Sasa mwanafunzi anapoona maandishi mekundu kwenye skrini yakimwambia kuna kosa, hasomi taarifa. Anasikia sauti ya darasa la tano. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini mtu wa rika langu aliyesoma Kenya anajua kwamba habari hiyo haikufika kila darasa. Tulifundishwa kwamba kosa lina mwenyewe, na mwenyewe anapaswa kunyoosha mkono.

Mashine haijui hayo. Ukisoma ujumbe wake polepole (na karibu hakuna anayeanza ambaye huusoma, wengi hufumba macho kiroho) utaona hautaji mtu. Unasema: mstari wa 12. Unasema umeomba kitu ambacho hakiko kwenye orodha. Ni kama mtu anakuelekeza njia: pinda hapo kwenye posho mill, si pale. Kosa kwa mashine ni mahali.

Na mahali hapo wakubwa wanaishi. Maurice Wilkes aliongoza ujenzi wa kompyuta ya EDSAC kule Cambridge, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949. Baadaye alisimulia jinsi, mwaka huo huo wa kwanza, ilivyomjia ghafla akiwa kwenye ngazi kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingeishia kwenye kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Huyo ndiye aliyeitengeneza mashine! Miaka miwili kabla, Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi, wakambandika kwenye daftari la kazi kwa utepe na kuandika kwamba ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Ni Grace Hopper aliyeisambaza hadithi hiyo kwa miaka mingi. Wahandisi walishaita hitilafu "mdudu" tangu karne ya 19, ndiyo maana waliona kichekesho. Daftari bado lipo, na nondo wake, kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Ninachopenda ni kwamba hawakuuliza nani amemleta nondo. Walimbandika, wakaandika saa, wakaendelea.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta motisha ya kumfikisha siku ambayo makosa yataisha anasubiri basi ambalo halipiti barabara hiyo. Anayeandika programu mwaka wa kumi bado yuko kwenye mstari wa 12. Tofauti ni kwamba yeye hanyooshi mkono tena.

Ile maana ya pili ya kukosa nayo isitupite. Ukisema kijana fulani alianza akaacha kwa sababu alikosa bando, sarufi yenyewe inamlaumu, kana kwamba bando ni adabu. Watu wengi wanaotajwa kuwa hawana motisha hawana vitu vyenye majina ya kawaida sana: stima, laptopu ambayo haizimi ukiisogeza, chumba ambacho watu wengine wanne hawalali humo. Hapa ushauri wa kweli una faida kuliko hotuba. Python haihitaji intaneti ikishawekwa. Kuna programu kama Pydroid 3 zinazoiendesha ndani ya simu ya Android, na mtu anaweza kuandika akiwa kwenye foleni ya maji. Si raha, kibodi ya simu kuandika mabano ni mateso, lakini inawezekana. Kumwambia mtu hili ni kumheshimu. Kumwambia aamini ndoto zake, sai, hapana.

Hamu basi hutoka wapi? Aristotle aliona zamani kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga zeze kwa kupiga zeze. Nadhani hamu nayo hufuata njia hiyo. Haitangulii kazi, huzaliwa humo, na huzaliwa upesi zaidi kama kuna mtu upande wa pili anayekisubiri unachotengeneza.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi kwenye saiba Githurai. Kutwa anawasaidia watu na iTax na eCitizen, anachapa barua za kuomba kazi, na wateja wakipungua anajifunza Python kwenye mashine ya kona ambayo herufi A imefutika kwenye kibodi. Masomo ya video yalikuwa yanamfundisha kutengeneza mchezo wa kubahatisha namba. Alichoka kabisa. Ni nani amewahi kukosa usingizi kwa kutaka mchezo wa kubahatisha namba?

Mama yake ni mweka hazina wa chama cha wanawake 14. Kila Jumapili kila mmoja anatoa shilingi 500, mmoja wao anabeba 7,000, anayechelewa anatozwa 50. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la shule, na kila mwisho wa mzunguko kulikuwa na maneno. Nani alilipa faini mwezi wa tatu? Nani alifuta hapa kwa kalamu ya wino? Siku moja mama akamwambia, nusu mzaha, si hiyo kompyuta yako unayoshinda nayo ifanye kitu.

Akaanza. Aliandika majina 14 kwenye orodha kwa mpangilio wa daftari, wa 1 mpaka wa 14, akaiambia programu imtafute wa 14, ikakataa: hakuna. Alimwona pale kwa macho yake, Mama nani, wa mwisho, ana deni la 50. Alikaa nayo jioni mbili. Mwishowe alielewa kwamba Python huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo wa mwisho ni wa 13 na wa 14 hayupo. Alimweleza mama yake akiwa na furaha ya mtu aliyegundua mafuta Turkana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Kwa hiyo mwenyekiti ni sifuri? Nani atamwambia?" Ikabidi programu iongeze moja kabla ya kuonyesha namba yoyote, kwa ajili ya amani.

Zile jioni mbili sikumsikia akitaja motisha. Na jambo jingine nililigundua baadaye. ChatGPT aliitumia, tena sana. Aliiuliza kwa nini orodha zinaanza na sifuri, akaiuliza tena kwa sababu hakuelewa mara ya kwanza. Lakini hakuwa na namna ya kudanganya, bana. Kila jibu alilolipata ilibidi alilinganishe na daftari, kwa sababu Jumapili wanawake 14 wangemuuliza shilingi 50 zao zimeenda wapi. Chombo ni kile kile cha yule wa cheti. Sababu ndiyo imebadilika, na wizi umekosa mahali pa kufanyika.

Nisimfanye aonekane malaika. Bado anataka kazi ya mshahara na anaomba kila wiki. Ila sasa ana sababu mbili, na moja haiko mkononi mwa kampuni yoyote.

Sababu ya aina hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko chama. Mwisho wa Mei 2025 polisi walimkamata Rose Njeri, mwandishi wa programu, jijini Nairobi. Alikuwa ametengeneza tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa kubonyeza mara moja. Programu ilifanya kile ilichokusudiwa kufanya, mstari kwa mstari. Alikaa rumande wikendi ndefu ya Madaraka, Juni 3 akafikishwa kortini na kushtakiwa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018. Juni 20 mahakama ikaitupilia mbali kesi, ikisema shtaka halikuonyesha kosa lolote. Hebu tazama neno letu lilivyozunguka. Programu ambayo mashine haikuiona na kosa, serikali iliiona nalo, na hakimu akaitafuta sheria asilione. Mwanafunzi wa wiki ya tatu haambiwi kwamba vitu anavyojifunza vinaweza kufika huko. Anaambiwa mshahara. Nadhani tunamdharau.

Na bado kuna wale ambao watajaribu kwa haki, wakiwa na bando, na mtu anayewasubiri, na muda, na hamu isije. Wapo. Sioni kwa nini tuwaite walioshindwa. Kuvumilia ni sifa njema pale tu kinachovumiliwa kina maana kwa mwenye kuvumilia. Vinginevyo ni kukaa tu. Binamu yangu aliandika programu kwa miezi minne, akafika mbali kuniliko, halafu akafunga laptopu akaiuza na kuongeza pesa akanunua cherehani ya umeme. Ana kibanda Kawangware sasa. Nilipita huko juzi nikamuuliza kama hakuona vibaya kuacha, na miezi minne yote ile. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akaniuliza kama nimekuja kupimwa suruali ama kumhoji, kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yangu.